Swali la Nne

Kituo chetu kiko nyuma ya maktaba ya chuo, katika jengo lililokuwa karakana ya useremala. Mpaka leo ukifagia pembeni unapata unga wa mbao. Jirani zetu upande mmoja ni kituo cha utafiti wa udongo, ambacho watafiti wake wana viatu visafi kuliko vya bwana harusi, na upande wa pili ni kituo cha lugha, ambako wote wanasema na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Sisi tunatafiti vifua. Chuo kina sharti moja kwa vituo vyote: ukichukua habari za watu, uwarudishie kitu. Sisi tuna gari la kupimia vifua, lenye daktari na mashine ya picha, na kila mwaka linapelekwa kukaa mtaa mmoja tu, ule ambao takwimu zinasema unaumwa zaidi.

Takwimu hizo hukusanywa na wadadisi wanaopita nyumba hadi nyumba, na hodari wao tulimwita Chapuchapu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mkoba begani saa zote. Wenzake walirudi na fomu kumi na tano kwa siku, yeye arobaini, tena bila jasho. Alilelewa na mama yake mkubwa, fundi cherehani, katika mtaa ulio chini ya mashine ya kusaga kokoto, ambako vumbi hulala juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa usipoyafunika. Alipopangiwa mtaa huo alifurahi mno. Mwaka huu, aliniambia, gari lazima liende kwetu.

Mimi ni karani wa kituo. Kazi yangu ni kuingiza fomu kwenye kompyuta, na hapo ndipo na mimi ninapoingia lawamani, bora niseme mapema. Fomu za mtaa wa kokoto zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Swali la nne linauliza: je, umekohoa mfululizo kwa zaidi ya wiki mbili? Nikaingiza hapana, hapana, hapana, mpaka kidole kikazoea njia. Watu wanaokula vumbi mchana kutwa, eti wanaokohoa ni wanne! Niliona. Nikajikuna kichwa, nikatazama saa, nikaendelea.

Siku Profesa, mkuu wa kituo, aliposoma matokeo, mtaa wa kokoto ulikuwa wa mwisho. Wa kwanza ulikuwa mtaa wa mlimani, wenye bustani na walinzi, kwa sababu mdadisi wa kule alikuwa kijana mkavu asiyejua kubembeleza mtu. Alisoma maswali kama yalivyoandikwa, watu wakamjibu kama walivyoulizwa. Gari likapanda mlimani. Chapuchapu akapewa barua ya ajira ya kudumu kwa ajili ya kasi yake, tukampigia makofi, naye akaipokea kwa mikono miwili bila kutabasamu.

Tulipobaki wawili alinong'ona, "Swali la nne sikulisoma."

"Hukulisoma vipi?"

"Ningeanzaje? Unaingia kwa mtu mzima, kakuzidi umri mara mbili, halafu unamkazia macho: unakohoa, hukohoi? Si utovu wa adabu huo? Nikawa naliunganisha na salamu. Shikamoo mama, hamjambo hapa, watoto hawajambo, kifua hakijambo?"

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu hata mwenye homa kali hujibu hajambo kwanza, ndipo aombe kiti. Kifua hakijambo? Hakijambo. Basi akatia alama kwenye hapana, akahamia nyumba ya pili.

"Na wakikohoa mbele yako?"

"Walikohoa," alisema. "Si tulifundishwa kuandika mtu anachosema?"

Alijua hicho ni kisingizio, na mimi nilijua. Hata hivyo nikamwambia, kwa aibu yangu, kwamba mambo yameshapita, anyamaze. Akanyamaza miezi miwili. Barua ya ajira aliitupia kwenye droo, hakuitazama tena. Jumapili, ambazo zamani zilikuwa za mama mkubwa, zikajaa udhuru: kichwa, kufua, mvua. Gari lilipopita getini aligeuza uso ukutani. Roho ilimsuta waziwazi. Mimi niliyempa ushauri ule nilikula na kulala kama kawaida. Hapana, naongopa, kulala sikulala.

Asubuhi moja aliingia kwa Profesa bila kubisha hodi, akatoka macho mekundu. Profesa, mtu asiyepandisha sauti, aliamua mambo mawili: barua ya ajira irudishwe, na gari halitahama mlimani mpaka mtaa mzima wa kokoto uulizwe upya. Kisha akanigeukia mimi. "Nawe karani utakwenda naye. Fomu mia mbili zinafanana, na hukuona?"

Tulianzia kwa mama mkubwa. Alikuwa kwenye cherehani anapinda sare ya shule, amekonda mpaka gauni linamning'inia mabegani. Chapuchapu alimwamkia, akakaa, akafungua faili, akajikaza kisabuni na kusoma neno kwa neno.

"Je, umekohoa mfululizo kwa zaidi ya wiki mbili?"

Mama mkubwa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja kiishe. "Leo umekuja na sauti ya serikali! Ndiyo, nakohoa."

"Tangu lini, mama?"

"Kabla hujaja na hilo faili mara ya kwanza. Mwezi mzima kabla."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Mama mkubwa alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Si uliniuliza kifua hakijambo? Nilijua unanisalimia, mwanangu."

Chapuchapu alilia palepale, kalamu mkononi. Mama mkubwa, ambaye hakujua kosa liko wapi, akawa anambembeleza na kuniuliza mimi kama nimemuudhi mtoto wake njiani.

Ilituchukua wiki tatu. Tulisoma swali la nne kama lilivyo, tukaomba radhi kila mlango, na waliokohoa wakafika mia moja thelathini na mmoja. Mwezi uliofuata gari lilishuka, likaegeshwa mkabala na mashine ya kokoto. Chapuchapu, ambaye sasa alikuwa kibarua wa siku kama alivyoanza, alimshika mama mkubwa mkono akampandisha ngazi kabla ya watu wote.

Daktari alikaa na ile picha muda mrefu. Pafu moja lilikuwa limeharibika na halingerudi. Dawa zingelinda lililobaki. Alivua miwani, akamuuliza Chapuchapu bila ukali, "Wewe si unafanya kazi kituoni kwetu? Miezi yote hii, mama yako hakukuambia kwamba anaumwa?"

Visingizio alikuwa navyo tele.

"Sikumuuliza," alisema.