Jiwe la Haji Rashwan Lilipofunuliwa

Watu mia tatu walisimama juani kusubiri jina la Haji Rashwan litokee kwenye marumaru. Pazia likavutwa.

Jina halikuwepo.

Na mchongaji wa jiwe lile ni mimi.

Naitwa Shihata. Nachonga mawe katika mji wetu mdogo, nusu saa kutoka jiji la Tanta. Mawe ya makaburi, na vibao vya yale mabomba ya maji baridi ambayo watu huweka barabarani kuwa sadaka ya marehemu wao. Wateja wangu ni wafu, na wafu wana sifa moja nzuri: hawabadilishi maneno.

Haji Rashwan Abu Samra yuko hai. Huyo ndiye aliyenitoa roho.

Ana kiwanda cha taulo, ana nusu ya maduka ya sokoni, na hata kibanda ninachofanyia kazi ni chake. Basi wakubwa wakaamua barabara ya kiwanda ipewe jina lake, na jiwe lifungwe ukutani pale langoni. Karani wake, Wagdi, akaniletea maandishi: "Haji Rashwan Abu Samra, Mfalme wa Taulo."

Nikachonga siku tatu. Wagdi huyo, karudi.

"Fundi, ongeza 'Daktari'."

"Daktari wa nini tena?"

"Wa heshima. Chuo kimempa juzi."

"Wagdi, hili ni jiwe, si daftari! Halifutiki!"

"Chonga jingine basi, roho yangu. Hasira za nini?"

Nikachonga jingine. Akarudi: ongeza "Baba wa Mayatima". La tatu akaja kulikagua Haji mwenyewe, kashuka kwenye gari na fimbo yake.

"Jina langu linasomeka kutoka wapi?"

"Kutoka ng'ambo ya barabara, Haji."

"Dogo hilo. Nataka mtu alisome akiwa ndani ya gari linalopita."

Presha ikanipanda. Ilikuwa Jumanne, sherehe Alhamisi. Nikamwambia marumaru ya ukubwa ule imeisha, mzigo unakuja wiki ijayo.

Akanyoosha fimbo kwenye kona. "Na lile lililofunikwa gunia?"

Lile lilikuwa la mama yangu.

Mama aliuza figili na vitunguu vya majani langoni pa kiwanda hichohicho kwa miaka ishirini. Mfanyakazi akipita na mkate na maharage matupu, anamrushia fungu. "Kula mwanangu, utanilipa ukiwa mkurugenzi." Hakuna hata mmoja aliyekuwa mkurugenzi.

Kisha walinzi wakaja kumwondoa. Amri ya Haji. Wageni kutoka nje wanakuja, lango linanuka vitunguu. Mama hakupata tena mahali pa kukaa, akafa na kinyongo kile. Nilimwahidi bomba la maji lenye jina lake. Jiwe nilikuwa nimeshalichonga, nikawa nahangaika kutafuta mahali pa kuliweka.

"Lile lina mwenyewe, Haji."

"Chonga upande wa pili."

"Ni la mama yangu, Haji."

"Mungu amrehemu. Yeye hana haraka. Alhamisi, Shihata. La sivyo Ijumaa uhamishe patasi zako."

Unajua nilifanya nini? Nilichonga. Nina watoto wanne na sina kibanda kingine. Mfalme, Daktari, Baba wa Mayatima, vyote, mgongoni mwa mama yangu. Nilijichukia kila nilipoinua nyundo.

Alhamisi asubuhi Ami Bayumi, mwashi wa kiwanda, akalifunga jiwe ukutani na kulifunika. Mimi nikajibanza nyuma ya umati, sikutaka hata kutazama.

Mkuu wa mkoa akavuta kamba.

"SOMENI FATIHA KWA ROHO YA MARHUMA NABAWIYA ABDUL-AAL. ALILISHA WENYE NJAA."

Wagdi akawa anageuka rangi.

Lakini kwetu, ukishaona maneno hayo, viganja vinapanda vyenyewe. Mkuu wa mkoa akainua vyake. Maofisa wakainua. Umati wote ukainua. Haji angefanyaje? Akainua na yeye. Watu mia tatu wakamsomea mama yangu Fatiha, palepale alipofukuzwa.

Nilitaka kulia, nikakumbuka kwamba nimekwisha. Macho ya Haji yalikuwa yananitafuta.

Ghafla mkuu wa mkoa akamkumbatia. "Mungu amrehemu mama yako, Haji! Umepewa barabara, ukamtanguliza mama!"

Mwanamume kwetu hataji jina la mama yake mbele za watu. Nani angejua mama yake Haji aliitwa nani?

Nikasubiri akanushe. Akafungua mdomo. Akaziona kamera. Akafuta machozi ambayo hayakuwepo.

"Mama ni mama, mheshimiwa."

Makofi!

Jamani, nilichoka. Alimfukuza akiwa hai, sasa kamchukua akiwa maiti! Wiki iliyofuata akapewa tuzo ya Mwana Mwema, na Wagdi bila haya akaniletea maandishi mapya nichonge. Nikamwambia akayafume kwenye taulo.

Nikaenda kumvaa Ami Bayumi. Nikamkuta anakula.

"Ami, uliligeuza jiwe! Umeniponza!"

"Sikukosea, mwanangu. Nilisoma pande zote mbili." Akamega mkate taratibu. "Miaka kumi na moja nimekula figili ya mkono wake. Na saruji niliyotia, ukiling'oa linavunjika."

"Lakini watu wanadhani ni mama yake!"

"Watu gani? Njoo langoni saa ya kubadilishana zamu."

Nikaenda. Mamia ya wafanyakazi wakitoka, kila anayefika kwenye jiwe anainua viganja. Mmoja akaweka fungu la figili chini ya ukuta. "Mungu akurehemu, Umm Shihata."

Umm Shihata, yaani mama wa Shihata. Walikuwa wanajua, wote.

Mara gari la Haji likafika, limebeba wageni. Akashuka, na kwa kuwa wageni wanatazama, akainua mikono.

Sauti ikatoka kwenye kundi: "Amina kwa nguvu, Haji! Hatujakusikia!"

Akaitikia amina kwa nguvu. Na tangu siku hiyo, kila akileta mgeni, lazima ashuke amwombee mwanamke aliyemfukuza.

Kibanda bado ninacho. Haji hathubutu kunitoa, anajua nikifungua mdomo atampoteza mama.

Nimelipata funzo langu kwa hasira, nawapa bure. Sifa zote alizojichongeshea Haji ziko palepale, zimetazama saruji, na hakuna atakayezisoma. Mama hakuomba hata herufi moja. Aligawa figili tu, kumbe mmoja wa waliokula alikuwa mwashi.