Marehemu wa Alama Thelathini na Nane

Fundi cherehani alisoma insha ya bintiye mara mbili, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mwalimu alitaka kila mwanafunzi aandike maisha yake mwenyewe, na binti kaandika kwamba mama yake alishafariki. Kapata thelathini na nane kwa arobaini!

"Wewe mtoto! Umenizika ningali hai?"

"Mama, mwanzo niliandika ukweli, jinsi unavyoshona sare zetu. Mwalimu akasema haimlizi mtu, akanipa kumi na mbili, niandike upya."

"Kwa hiyo mpaka nife ndiyo alie?"

Asubuhi mama alitinga ofisi ya walimu bila hodi.

"Mwalimu, mimi ndiye yule marehemu. Nimekuja unisahihishie ile insha ya kwanza."