Maji ya Kumwoshea Mama

Mama alikuwa akiuza supu ya kichwa cha ng'ombe pale Kabuku, kando ya barabara, na madereva wa malori walimjua. Kwa hiyo alipoanza kupotea njia ya kwake mwenyewe, kisha miguu ikamkataa, kisha mwili ukawa unashtukashtuka, watu walikuwa na jibu tayari: kala ubongo, naye kaliwa ubongo. Waliolisema hilo kwa sauti kubwa ndio waliokuwa wakigombea bakuli la mwisho.

Hospitali ya Korogwe walitupa rufaa kwenda Dar. Daktari wa huko alituambia ni ugonjwa wa nadra, protini ya ubongo imejikunja vibaya na inaharibu nyingine, na hauna dawa. Nikamuuliza kuhusu supu. Akasema huko nje wapo walioupata kwa nyama ya ng'ombe wagonjwa, wengine kwa vifaa vya upasuaji wa ubongo, na wachache huurithi. Akauliza kama kwetu kuna aliyekufa hivyo. Hakuna.

"Wengi huwapata tu umri ukisogea, hatujui kwa nini," akasema. "Mama naona ni wa hao wengi."

"Na sisi tunaomuuguza?"

"Mlisheni, mwogesheni, mkumbatieni. Hauambukizi hivyo. Na Mungu akimchukua, mwosheni mkiwa na glavu, kama maiti yoyote."

Nilirudi naye nyumbani kwetu Sindeni nimeyashika maneno hayo kama mtu aliyeshika nauli. Niliyarudia kwa kila aliyekuja kusalimia akiwa amesimama mlangoni. Waliitikia kwa kichwa, na chai yetu hawakunywa.

Alifariki asubuhi, kabla mahindi hayajakomaa. Nilichemsha maji, nikatandika mkeka, nikangoja wanawake wenzangu waingie. Hakuingia mtu. Mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, alikaa uani amejifunika khanga.

"Mwanangu, mimi nina watoto," alisema. "Nikiupeleka nyumbani je?"

Shehe, kwa nia njema, akapendekeza tayamamu: maiti apakwe vumbi, yaishe. Hapo nilipandwa na hasira, na sijutii.

"Shikamoo, shehe. Tayamamu ni ya asiye na maji, au maji yawe na madhara. Maji haya hapa yanatoa mvuke, na daktari kasema hayana madhara. Mama yangu hapakwi vumbi."

Kisha nikawageukia wanawake. "Mwosha huoshwa. Nani kati yenu atajiosha mwenyewe?"

Nikavaa glavu nikaingia peke yangu. Nilimaliza kichwa na kifua, nikamwosha mikono iliyokonda, nikilia na kufoka kwa pamoja. Lakini mtu mmoja hawezi kumgeuza maiti ubavu kwa heshima, na sikuwa tayari kumburuta. Nilikaa chini, mkono wangu begani mwake. Niliapa kwa sauti, wa uani wasikie, kwamba nitakaa hapo mpaka jioni, na wakizika bila mimi kumaliza, watanizika naye.

Pazia likasogea. Mama mdogo aliingia bila kunitazama, akazivaa glavu zilizobaki, akachovya mkono kwenye ndoo.

"Yamepoa haya," alisema. "Ongeza ya moto. Dada hapendi maji ya baridi."