Masika Yale Hansa Alipowasha Moto wa Babu Yake

Kwetu mvuje ni dawa. Mtoto mchanga hufungiwa kipande chake mkononi ndani ya kitambaa cheusi ili mashetani wasimsogelee, na harufu yake humkunjisha pua hata aliyeizoea. Lakini jikoni kwa Ba, nyuma ya duka la nguo pale Kibiti, mvuje ulikaangwa kwenye samli pamoja na bizari, ukamwagwa juu ya dengu, na ile harufu ya kufukuza mashetani ikageuka kuwa harufu ya kuita watoto. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuitika. Ba alikuwa bibi yake Hansa, msichana rafiki yangu wa darasa la nne. Wahindi wa Kigujarati humwita hivyo mama mkubwa wa nyumba, nasi tulicheka sana kusikia mwanamke anaitwa kama baba. Hansa alilelewa na Ba na babu yake, Mzee Kanji, aliyepima khanga kwa mkono wake mrefu na kutugawia vipande vya nguo tushone wanasesere. Baba yake Hansa alifanya kazi Dar es Salaam.

Jikoni mle mlikuwa na rafu yenye taa ya samli, maua ya asumini na sanamu ndogo za shaba. Mimi nilitoka chuoni kwa mwalimu wa Kurani nikijua kwamba Mungu ni mmoja na hana mfano, basi sanamu zile zilinitisha na kunivuta kwa pamoja. Siku moja nikajikaza nikauliza, "Ba, hawa wote ni Mungu?" Akacheka huku akisukuma chapati. "Mungu ni mmoja, mwanangu. Nyuso tu ndizo nyingi, maana macho yetu ni madogo." Nikauliza mtume wao ni nani. Akasema hakuna mtu mmoja aliyeianzisha dini yao. Ilijikusanya zamani sana, wazee wakiimba na watoto wakishika kwa moyo, mpaka zikawa zile nyimbo takatifu waziitazo Veda. Pembeni kabisa alikaa mtu mmoja wa shaba amekunja miguu, macho ameyafumba. Huyo, Ba alisema, alikuwa mwana wa mfalme. Alifichwa ndani ya jumba asione lolote baya, lakini akatoka, akamwona mzee, akamwona mgonjwa, akaiona maiti, na usingizi ukamhama. Akaacha kila kitu akatafute kwa nini watu huumia. Akaona kwamba tunaumia kwa kung'ang'ania, na kwamba anayejua kuachilia, bila kujitesa wala kujidekeza, hupata amani. Wafuasi wake wakawa na dini yao, Ubudha. "Si dini yangu hasa," Ba alisema, "lakini mgeni mwema hakosi nafasi kwenye rafu yangu."

Mwaka ule masika yalishuka kwa hasira. Barabara ya Dar es Salaam ikawa uji, malori yakazama hadi kwenye vibao vya namba. Katikati ya mvua hizo, asubuhi moja, Mzee Kanji hakuamka. Habari zilimfikia mwanawe kwa simu ya posta, akafunga safari, akakwama. Utingo mmoja aliyepita tope kwa miguu akaja kumwambia Ba kwamba hakuna gari litakalofika siku ile wala ya pili yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wahindu huchoma maiti wao bila kuchelewa, na mwana wa kiume ndiye huwasha moto. Hapakuwa na mwana, hapakuwa na ndugu, wala hapakuwa na ukuni mkavu mji mzima.

Baba yangu, Mmatumbi aliyeshuka kutoka milimani kuja kufanya useremala, alikuwa na mbao za mninga alizozianika juu ya dari kwa muda mrefu, za kutengeneza milango ya nyumba yetu wenyewe. Alizishusha zote. Jirani yetu, Mzee Mbonde, alimfuata hadi barazani. "Seremala, kuni za kumchoma mtu? Sisi ni watu wa kuzika." Baba hakuacha kufunga kamba. "Mimi sichomi mtu, mzee wangu. Jirani kafiwa na mimi nina mbao kavu. Hayo mengine kila mmoja ataulizwa ya kwake." Mzee Mbonde akashika ncha ya pili ya mzigo.

Alasiri mvua ilikatika. Ba alitoka amevaa nyeupe, akamshika Hansa bega. "Babu hana mwana hapa. Wewe ndiye mwana." Hansa akatikisa kichwa, akarudi nyuma. Ba akamgeukia mama yangu. "Dada, nipe na mwanao, huyu asiende peke yake." Mama alinitazama kwa muda, akanifunga mtandio vizuri, akasema, "Nenda mwanangu, umshike mwenzio." Basi tukaenda hadi uwanja ulio ng'ambo ya mikorosho, wanaume wetu wakasimama mbali, kofia zao kichwani, na Hansa akasogeza mwenge kwa mkono mmoja huku mwingine ukiubana wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Ba aliinama akatwambia, "Roho ni mpangaji. Leo kahama chumba. Alivyoishi humu ndivyo vitakavyomchagulia chumba kingine, mpaka siku atakapochoka kupanga, arudi kwa Mwenye Nyumba." Moto ulishika. Hansa hakulia mpaka tuliporudi nyumbani.

Barabara ilipopitika baba yake Hansa alikuja, tukapelekwa sote kivukoni Ndundu, na katikati ya mto Rufiji, juu ya pantoni, wakayamwaga majivu. Ba alisema jina la Wahindu lilitoka kwenye mto wa kwao, Sindhu. "Kama nyie Warufiji. Sote tumeitwa kwa maji." Mwezi uliofuata walifunga duka, wakahamia Dar es Salaam, na baadaye nikasikia wamevuka bahari. Wahenga wamesema milima ndiyo haikutani.

Siku hizi Kibiti ina lami na bodaboda zisizolala, na mto unavukwa darajani kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa. Duka limegawanywa, upande mmoja wanauza simu. Nafundisha sekondari, na ninapofika kwenye dini za Asia wanafunzi huandika "asili yake ni Bara Hindi", wakafunga daftari. Sijui niwaambieje kwamba hawa walikuwa watu waliotuita tuje kula. Mwaka jana tulimzika baba yangu. Watu walijaa hadi barabarani, Waislamu na Wakristo, wenyeji na wa kuja, na kila mmoja alikuwa na mlango au kitanda alichotengenezewa naye. Nilikaa jamvini na akina mama, nikapokea pole. Na kila basi la Dar es Salaam liliposimama, nilinyoosha shingo kutazama kama ni Hansa anayeshuka.