Jina Lililorukwa

Kila likizo profesa huyu, anayefundisha chuo kikuu historia ya Wayahudi wa zama hizi, hushuka kutoka kwao Dindira, milimani, kuja kunichosha hapa steshenari kwangu, Korogwe. Hulamba kidole, hufunua karatasi mojamoja, kisha hukohoa. Kikohozi hicho nakijua: nimekosea. Jana niliruka jina moja nilipomchapia orodha ya Wayahudi waliouawa na Wanazi. Namba zote zikaharibika, akataka nitoe upya kurasa arobaini! Nikafoka, “Mzee, majina mia tisa, nani atajua?” Akauliza taratibu, “Chausiku, kwenye hitima yenu, shehe akisoma majina ya marehemu akamruka mama yako, utanyamaza?” Nilinuna. Lakini jina lile nililisoma mara mbili kabla ya kuwasha printa.