Edah Akataa Nusu ya Ukurasa

Edah Jepchirchir alikuwa na rafu nne nzima za vitabu vya shule za wasichana, na hakuwahi kuvificha mgeni alipobisha hodi. Alivinunua kimoja kimoja katika maduka ya hisani yauzayo mitumba mtaani Kings Heath, Birmingham, akitoka zamu wodini na miguu ikimuuma. Vilikuwa vitabu vya zamani, majalada yamechujuka, na juu yake wasichana wa Kiingereza wenye tai na magongo ya hoki wakiikimbilia kengele. Wauguzi wenzake walimcheka. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, walisema, anasoma habari za watoto wa bweni wanaokula keki kwa siri. Edah aliwajibu kwamba kila mtu ana ulevi wake, na wa kwake haujawahi kumwamsha na kichwa kikigonga.

Alianza kuvisoma akiwa binti mdogo, katika shule ya bweni nje kidogo ya Eldoret. Walimu wamishenari walipoondoka waliacha kabati limejaa vitabu hivyo. Jumamosi alasiri, nguo zikikauka juu ya nyasi, wasichana walikaa mduara na Edah akawasomea kwa sauti. Majina ya Kizungu yaliwachosha, kwa hiyo wakayabadilisha. Kapteni wa hoki wakamwita Chepkoech. Miaka mingi baadaye Edah alipojifungua binti hapa Birmingham, alimpa jina hilo. Watu walidhani ni kwa sababu mtoto alizaliwa alfajiri, kama jina lenyewe linavyosema kwa Kikalenjin, naye akawaacha wadhani.

Chepkoech huyo sasa alikuwa mwalimu wa sekondari mtaa wa Castle Vale. Kiswahili alikielewa chote, ila majibu yake yote yalitoka kwa Kiingereza, na kuhusu vitabu vya mama yake hakuwa na subira.

"Mum, shule hizo zisingekufungulia hata geti," alimwambia siku moja akiwa amesimama mbele ya rafu.

"Nani alikwambia niliomba kufunguliwa?" Edah akasema. "Niliingia mwenyewe, nikakaa, nikasoma hadi mwisho."

Kulikuwa na kikundi cha wasomaji wa vitabu hivyo, watu kama ishirini hivi, waliokutana mara moja kwa mwezi katika chumba kilicho juu ya mkahawa mmoja wa Kings Heath. Edah ndiye aliyekuwa Mwafrika pekee. Aliyemfuata kwa kutofanana na wengine alikuwa Rupa, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, aliyekuja kwa ajili ya chai na mabishano. Kwa maoni ya Rupa, mashujaa wote wa vitabu hivyo walikuwa wambea waliostahili kuchapwa, na alilisema hilo kila mwezi.

Mwenyekiti alikuwa Hazel, mama mrefu wa Kiingereza aliyestaafu kazi ya maktaba. Yeye ndiye aliyemkaribisha Edah siku ya kwanza na kumvutia kiti kando yake. Edah alipofanyiwa upasuaji wa goti, Hazel alipanda ngazi za nyumba yake na sufuria ya supu mkononi. Kwa hiyo Hazel alipotangaza kwamba watachapa kijitabu cha maoni ya wasomaji, kila mwanachama ukurasa mmoja, Edah alifurahi, akaandika wa kwake siku hiyohiyo.

Aliandika kwamba vitabu hivi ndivyo vilivyomwonyesha kwa mara ya kwanza dunia ambamo wasichana ndio wanaopanga, wanaogombana, wanaopatana na wanaoshinda, bila kumngoja kaka wala mchumba. Kisha akaandika hivi: "Lakini katika kitabu kimoja wasichana haohao wanajipaka masizi usoni, wanavaa nyasi, na kuigiza Waafrika ili shule nzima ivunjike mbavu. Tuliokuwa tukichekwa ndio tuliokuwa tunasoma. Siku ile mduara wetu ulinyamaza. Mwandishi hakufikiri kwamba tungekuja kumsoma. Tulimsoma, tukamkasirikia, na kitabu tukakimaliza. Maoni yangu ni hayo yote mawili, na hayaachani."

Wiki iliyofuata Hazel alimpigia simu. Ukurasa ni mzuri sana, alisema, ila sehemu ya pili ingeleta huzuni. Watu huvirudia vitabu hivi ili wapumzike.

"Mimi pia navirudia ili nipumzike," Edah akasema. "Na ukurasa wa masizi navirudia nao. Weka wote, Hazel, au usiweke kitu."

Hazel akasema ameelewa. Edah akalichukua neno hilo kama lilivyo.

Siku ya uzinduzi chumba kilijaa. Chepkoech alimsindikiza mama yake, uso wake ukionyesha wazi kwamba amekuja kwa heshima tu. Vijitabu vilipangwa mezani karibu na keki. Edah akachukua kimoja, akatafuta jina lake. Alilipata, na juu yake nusu ya ukurasa aliouandika. Masizi hayakuwapo, mduara ulionyamaza haukuwapo. Aliyebaki ni mama mmoja wa Kenya anayevishukuru vitabu vya Kiingereza kwa kumwonyesha dunia.

Angepiga kelele, lakini aliwajua watu wale: kelele wangeisimulia mwaka mzima, na ukurasa wangeusahau kabla ya chai kwisha. Alipoitwa kusoma, alisimama.

"Huu si ukurasa wangu," alisema. "Wangu unaendelea."

Akausema uliobaki wote kwa kichwa, polepole, kama alivyokuwa akisoma kwenye nyasi. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Hazel alikuwa ameiva uso. "Edah, leo haikuwa siku ya maneno hayo."

"Siku yake ni lini, Hazel? Niambie nije."

Basi Edah akavuta kiti mezani, akatoa kalamu ya kazini mkobani, akafungua kijitabu cha kwanza na kulikata jina lake kwa mstari mzito. Akachukua cha pili. Hazel akaweka kiganja juu ya rundo. "Hivi ni mali ya kikundi."

"Kijitabu ni cha kikundi. Jina nilipewa na mama yangu."

Kiganja kikaondoka. Rupa, mdomo umejaa keki, akaketi upande wa pili. "Nipe kalamu nyingine, dada," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisumu. "Vitabu vyenyewe sivipendi, lakini hii kazi naipenda." Chepkoech naye akavua koti. Walikata jina hadi rundo likaisha, huku wengine wakinywa chai wamewapa mgongo.

Rupa alidhani huo ndio mwisho wao pale. Chepkoech alimsihi mama yake asirudi. "Nikiondoka nani atabaki na vitabu?" Edah akauliza. "Nimevipenda kabla Hazel hajajua kama niko duniani."

Mwezi uliofuata alikalia kiti chake cha siku zote. Hazel hakumsalimu. Walipofika kwenye mambo mengineyo, Rupa akapendekeza sehemu iliyokatwa ichapwe kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa ndani ya vijitabu vilivyobaki. Wakapiga kura kwa mikono. Pendekezo likapita kwa tofauti ya mkono mmoja, na mkono wa Hazel haukuwa miongoni mwa iliyoinuliwa. Ila ilipofika kazi ya kukata vile vipande, kila aliyeshika mkasi alikwenda upogo, na Hazel hakuvumilia kutazama. Akaupokea mkasi, akavikata vyote mwenyewe, vimenyooka sawasawa. Edah alipaka gundi. Jina lake akaliandika upya kwa mkono chini ya kila kipande.

Hazel na Edah hawajarudi kuwa kama zamani. Wanapeana chai, wanabishana kuhusu viranja, na supu haijatajwa. Chepkoech aliazima kitabu kimoja kwenye rafu ya mama yake, akakirudisha wiki mbili baadaye na kusema kapteni wa hoki anajiona sana.

"Hayo ni maoni," Edah akamwambia, akimpa cha pili. "Yaandike."