Plagi ya Friza ya Mbale

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya Jinja, mkurugenzi alinipokea akiwa na mkanda wa suruali mkononi. Alikuwa daktari wa jeshi aliyestaafu, akikaa Kimaka, na sote tulimwita Afande. Akaukunja ule mkanda mara tatu, akauweka mezani.

"Protini iko namna hii," akasema. "Mnyororo mrefu. Ikijikunja vizuri, inafanya kazi. Ikijikunja vibaya, takataka. Kazi yako kujua kwa nini. Umesikia?"

"Nimesikia, Afande."

Nyinyi vijana wa leo mnaipa kompyuta mpangilio wa asidi amino, yaani vile vipande vinavyounda mnyororo, nayo inawachorea umbo kabla chai haijapoa. Sisi tulipima, tukakosea, tukaanza upya. Hata hivyo nilikuwa na kiburi. Nilijiona najua kuliko wote.

Baada ya miaka sita nilipelekwa Mbale kuongoza kituo kidogo. Tulichunguza himoglobini, protini inayobeba hewa ya oksijeni ndani ya damu. Kwa mgonjwa wa selimundu protini hizi hushikana na kuipinda chembe ya damu, nasi tulitafuta dawa ya kuzizuia. Damu ilitoka kwa watoto wagonjwa wa Namatala, mtaa wa palepale Mbale. Aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiwabembeleza akina mama wakubali ni fundi wetu wa maabara, Hajati Mwanaidi. Ilimchukua mwaka mzima.

Kituo kilikuwa na stabilaiza moja ya kutuliza umeme, na soketi yake ilikuwa ya friza ya damu. Ijumaa moja mchana niliichomoa friza nikachomeka kompyuta yangu, nimalize hesabu za kujikunja. Nilisema ni dakika chache tu. Nikasahau, nikaenda zangu harusini Jinja.

Jumatatu nilifika wa kwanza. Kila chupa ilikuwa imeyeyuka. Nikarudisha plagi, nikapangusa maji sakafuni, nikanyamaza. Naona aibu hata kuandika.

Kesho yake Hajati akayeyusha chupa kadhaa za kupima, akaniletea moja. Damu ilikuwa ya kahawia, na mabonge yametuama chini.

"Daktari, imekatika kama maziwa," akasema. "Zote ziko hivi. Ama Ijumaa sikufunga mlango ya friza vizuri?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikajibu, "Labda."

Afande akaja kutoka Jinja. "Friza iko chini ya nani?"

"Hajati," nikasema.

Aliachishwa kazi wiki hiyohiyo. Mimi nilirudishwa Jinja baadaye, nikawa mkuu wa kitengo.

Nilistaafu mwaka jana. Kwenye hotuba za kuniaga walinisifu kwa uaminifu, nami nikawa natazama viatu vyangu. Mwezi uliopita nikajikaza, nikaenda Namatala kwa Hajati, maneno ya kukiri nimeyapanga njia nzima. Hajati sasa anatembelea fimbo. Alinikalisha, akaleta chai, akawaita wajukuu wanisalimu. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono.

"Daktari, Mungu amekuleta. Nikikutana na wale akina mama naona haya. Wengine watoto yao walishakufa. Ile friza, nisamehe kabla mimi pia sijaenda."

Wajukuu walikuwa wananitazama.

"Nilishakusamehe zamani, Hajati," nikasema.

Akauinamia mkono wangu, akaubusu, nami sikuuondoa.